Aliyeitika Namba Kumi na Moja

Kabla ya kila safari ya mlimani, karani wa mahudhurio wa hospitali yetu alikaa kwenye meza ya jikoni kwake akaandika mambo yote yanayoweza kuiharibu. Gurudumu kupasuka. Mwongozaji kuugua. Mtu kuteguka kifundo cha mguu. Mtu kusahau dawa za presha. Nyuki. Moto. Mvua. Msitu kufungwa bila taarifa. Karibu yote yalikwisha kumpata. Mwaka wa pili mwongozaji alitokwa na tetekuwanga jioni ya kuamkia safari. Mwaka wa nne nyuki walitutimua kabla hatujafungua hata chupa za maji. Mwaka wa sita basi liligoma kuwaka, tukaishia kula chakula cha mlimani kwenye maegesho ya hospitali, na mganga mkuu alipopita akatupungia mkono na kututakia safari njema.

Kila lililotokea aliliandika, na kila aliloliandika alilitafutia dawa: simu ya mwongozaji wa akiba, soksi za ziada, kamba, vidonge, barua mbili za ruhusa badala ya moja. Watu walimcheka. Niliwahi kumwuliza kwa nini anajitwika kazi ya kuandaa safari wakati roho yake inakaa juu juu wiki nzima. Akanijibu, "Nisipoandaa mimi, nitakaa nyumbani nikiwaza mlivyoandaa ninyi."

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kwenye dirisha dogo karibu na lango la wafanyakazi. Hapo ndipo kila aliyeingia zamu alipotia saini, na hapo ndipo alipopewa jina la Bi Mahudhurio. Miaka kumi na minane ya kuinamia daftari ilikuwa imemfundisha kusikiliza zaidi ya kutazama. Alikujua kwa mlio wa viatu, kwa kikohozi, kwa namna unavyoivuta kalamu iliyofungwa kamba. "Leo umechelewa, na umelia," aliniambia asubuhi moja bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimefanya yote mawili.

Mlimani alitumia masikio hayo hayo. Kuita majina ishirini na matatu porini kulikuwa kunachukua muda, watu wakipiga soga na kujibu ovyo, kwa hiyo akabuni namba. Kila mmoja alipewa yake ndani ya basi, na kila tulipovuka mahali pabaya tulisimama tukaziita kwa mfuatano: moja, mbili, tatu, hadi ishirini na tatu. Yeye alisikiliza na kutia alama. Kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kupoteza hata mwavuli wa mtu.

Mimi nilikuwa namba kumi na tisa. Namba kumi na moja alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akishona na kutia viraka mashuka ya wodini. Hospitali nzima ilimwita Fundi. Zamani wawili hao walikuja kazini pamoja, wakicheka njia nzima kama wasichana. Kisha mama yao, mzazi wa Fundi na mkwe wa Bi Mahudhurio, akapooza upande mmoja. Kwa miaka minne Bi Mahudhurio alimtunza nyumbani kwake, akimwogesha, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko. Jumanne moja, wiki tatu kabla ya safari, alirudi kutoka kazini akakuta kitanda cha mama kimebaki godoro tupu. Fundi alikuwa amekuja mchana na gari, akamchukua. Kwa jirani aliacha maneno tu: "Mwambie wifi, mama naona anazidi kudhoofika pale. Acha akae kwangu."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Fundi alipokuja kutia saini dirishani, mmoja alitazama ukuta na mwingine alitazama karatasi. Lakini mambo ya nyumba moja hayaachi kuwa na maswali, dawa za mama ziko wapi, blanketi lake lile la bluu liko wapi, na maswali hayo yalipitia kwa mpishi wa wodi ya wanaume. Mpishi huyo tulimwita Kasuku, kwa kuwa aliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, kuanzia mganga mkuu hadi mlango wa chumba cha kufulia.

"Wifi yako anauliza," alikuwa akimwambia Bi Mahudhurio, kisha anaibana sauti, anaimwaga kwa pua kama Fundi mwenyewe, "'Huyo mwenzio, zile dawa za jioni ni kidonge kimoja au viwili?'"

"Mwambie viwili. Na acha kunitania."

"Mimi ni posta tu, mama. Barua si zangu."

Tulidhani mmoja wao atajitoa kwenye safari. Hakujitoa hata mmoja. Nadhani hakuna aliyetaka kuonekana amemkimbia mwenzake.

Asubuhi ya safari hapakuwa na wingu. Tuliliacha basi kwenye uwanja wa walinzi wa msitu, tukatembea robo saa hadi kwenye kijito, tukavuka kwa kukanyaga mawe makavu. Maji hayakufika hata kwenye kifundo. Ng'ambo tulipumzika kidogo, na hapo goti la Fundi likaanza kumsumbua. Sheria ya Bi Mahudhurio ilikuwa moja, wala haikuwa na msamaha: hakuna anayerudi kwenye basi bila kumwambia yeye kwa mdomo wake. Fundi akamwita Kasuku pembeni. "Mwambie huyo mwenzio nimechoka, nikiona vibaya narudi garini nikalale kiti cha nyuma."

Kasuku hakumwambia. Alikuja kutueleza baadaye kwamba alitazama uso wa Bi Mahudhurio, akaona jinsi alivyoukaza, akasema moyoni ngoja kwanza tupande kidogo, apoe.

Tulikuwa tumepanda kama saa nzima mwongozaji alipoitwa kwenye redio yake ya mkononi. Alisikiliza, akatazama juu ambako hapakuwa na kitu ila anga safi, akasema, "Tunarudi. Wote. Sasa hivi."

"Turudi kwa lipi?" mtu wa stoo akauliza. "Jua hili hulioni?"

"Huko juu kabisa mvua imemwagika tangu alfajiri, haikutarajiwa. Mlinzi anasema maji yako njiani. Tukichelewa, kile kijito hatutakivuka."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema walinzi hawa wanataka kwenda kulala. Lakini nilimwona Bi Mahudhurio amebadilika rangi. Mvua ilikuwa kwenye orodha yake, ila mvua ya kunyesha mahali tulipo. Ya kunyesha mahali pengine ikatukuta juani hakuwahi kuiandika. Alipuliza filimbi mara tatu, ndefu, ishara ya kurudi, akatangulia pamoja na mwongozaji, daftari kifuani.

Tulipofika kwenye kijito maji yalikuwa yameshapanda hadi nusu ya miguu na yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba majani na vijiti. Tulivuka tumeshikana mikono, wengine wakicheka kwa woga. Upande wa pili Bi Mahudhurio akafungua daftari.

"Hesabu!"

Moja. Mbili. Tatu. Namba zilikuja haraka, kila mtu akitaka kuondoka. Tisa. Kumi. Kisha ikaja ile sauti ya puani, ya kuvuta, yenye kuudhika kidogo: "Kumi na moja." Mimi mwenyewe niliisikia. Bi Mahudhurio alitia alama wala hakuinua uso. Kumi na mbili, kumi na tatu, hadi mwisho. Watu ishirini na watatu, alama ishirini na tatu. Akafunga daftari tukaondoka.

Kwenye basi watu walikuwa wakivua viatu na kulalamika Kasuku alipokwenda nyuma na kikombe cha chai kutoka kwenye chupa. Alirudi nacho kimejaa.

"Fundi amekwenda wapi?" akauliza.

Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na sweta na mkoba wake. Bi Mahudhurio alitoa simu yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akaipiga namba ya wifi yake. Simu ikalia ndani ya mkoba.

"Ameitika," Bi Mahudhurio alisema. "Kumi na moja imeitikiwa. Nimesikia kwa masikio yangu."

Kasuku alikaa kwenye ngazi ya basi. "Ni mimi," akasema. "Nilidhani yuko huku amelala. Aliniambia atarudi garini. Nikasema nikikaa kimya utamsimanga mbele za watu kwa kuvunja sheria. Nikaitika mimi."

Tulingoja amtukane. Hakumtukana. Alishuka, akaanza kukimbia kuelekea kwenye kijito, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye hatukuwahi kumwona akikimbia hata siku nyuki walipotufukuza. Nilimfuata. Tulisikia maji kabla hatujayaona. Yale mawe ya kuvukia hayakuwepo tena. Gogo zima lilipita mbele yetu likizunguka kama kijiti, na ng'ambo, umbali wa kurusha jiwe, njia ilikuwa imekaa juani, kavu, haina mtu.

Aliita. Hakuita namba, aliita, "Wifi! Wifi!" hadi sauti ikamkauka. Maji yalikuwa yakiimeza.

Mwongozaji na mlinzi mmoja waliondoka na gari la msitu kwenda kuvukia daraja la juu la wakata miti. Saa moja na nusu kwenda, walisema, kisha watateremka kwa miguu, ikiwa njia haijakatika. Sisi tulirudishwa uwanjani kungoja kwenye kibanda cha walinzi. Hakukuwa na la kufanya, na kwa mtu kama Bi Mahudhurio hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Alihesabu vikombe. Alihesabu watu, safari hii akimgusa kila mmoja begani, ishirini na wawili, akarudia, ishirini na wawili. Kisha akaniomba nisimame naye ampigie mumewe.

"Dada yako amebaki ng'ambo ya maji," alimwambia. "Wamekwenda kumtafuta."

Nilisikia sauti ya mumewe, ndogo na kali. "Amebakije? Si wewe unayehesabu?"

"Ni mimi."

Akauliza, "Mlikuwa mmegombana huko?"

"Hatujagombana. Hatujasemezana kabisa."

"Mama yuko na nani?"

"Na jirani wa wifi. Mpaka saa kumi tu, ndivyo Kasuku alivyoniambia. Nenda wewe. Dawa ni viwili." Akakata simu, akabaki ameishika. "Umesikia alivyouliza?" akaniambia. "Na kila mtu atauliza hivyo hivyo. Watasema amemwacha makusudi."

"Hakuna atakayesema hivyo, dada."

"Mimi mwenyewe ninauliza. Kumi aliitika yule muuguzi wa wodi ya watoto, nikamtazama. Kumi na mbili nikamtazama. Hapo katikati niliinamisha uso. Sauti ya kuigiza ningeitambua kwa kumtazama mtu mdomoni tu. Sikutaka kumwona."

Nina umri wa kujua kwamba yako maneno ambayo ukiyapinga haraka unamwongezea mtu upweke.

Saa tisa na robo redio ya mlinzi aliyebaki ilikoroma. Sote tulisimama. "Tumekuta kiatu," sauti ya mwongozaji ilisema. "Kimoja. Cha kulia. Kiko ukingoni, karibu kabisa na maji."

"Rangi gani?" Bi Mahudhurio akauliza, na mlinzi akauliza kwenye redio.

"Kijivu. Kamba nyeusi."

Walivinunua wao wawili, pea mbili za aina moja, mwaka uliopita, wakati bado wakicheka. Hatukuhitaji maelezo, viatu vya aina hiyo hiyo vilikuwa miguuni mwa Bi Mahudhurio. Kasuku alitoka nje. Muuguzi alianza kulia, mtu wa stoo akamwambia anyamaze, kisha na yeye akageukia ukuta. Bi Mahudhurio alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akaanza kujikanda magoti yote mawili kwa viganja, polepole, kana kwamba ndiyo yanayomuuma. Dakika hizo sitaki kuzieleza sana. Zilikuwa thelathini na tano.

Kisha redio: "Tunaye. Yuko juu kidogo, chini ya mti. Anatembea kwa kuchechemea. Anatukana, kwa hiyo ni mzima."

Watu walipiga makofi, wakakumbatiana, Kasuku akaingia akauliza mara tatu, "Mzima? Mzima kabisa?" Bi Mahudhurio hakupiga makofi. Aliomba maji ya moto.

Walimleta saa moja usiku. Alikuwa amejaa tope hadi kiunoni, mguu mmoja umefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Muuguzi alimkagua goti kisha akatoka, na wengine wakaenda kwenye basi. Mimi nilibaki nikimimina chai, na wawili hao walisemezana kana kwamba sikuwepo.

"Niliisikia filimbi," Fundi akasema.

Bi Mahudhurio alikuwa amepiga magoti, anamnawisha mguu kwenye beseni. Mikono yake ilisimama.

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya lile jiwe kubwa la kando ya njia, goti limekataa. Mlipita hatua kumi kutoka kwangu. Wewe ulikuwa mbele. Nikasema, akiniita kwa kinywa chake, nitanyanyuka. Mkapita wote. Nikanyanyuka nikawafuata, nafika kwenye maji, natia mguu mmoja tu, yakanivuta. Nilishika mzizi. Kiatu nilikivua mwenyewe, kilikuwa kimejaa maji."

"Ulituona tukipita, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Ungekufa, wifi."

"Ningekufa."

"Na mimi sikuangalia," Bi Mahudhurio akasema. "Nilisikia sauti yako, nikajua nikiinua uso nitakutana na wewe. Sikuinua."

Hawakukumbatiana. Mmoja aliendelea kunawisha, mwingine aliendelea kunawishwa, na maji ya beseni yakawa na rangi ile ile ya kijito.

Uongozi wa hospitali ulisimamisha safari zote hadi hapo itakapotangazwa tena, ukataka maelezo kwa maandishi. Bi Mahudhurio aliyaandika kwenye dirisha lake, mistari minne: namba iliitwa, sauti ikaitika, mimi sikuinua uso kuhakikisha, kosa ni langu. Jina la Kasuku hakulitaja. Alinipa nisome.

"Hujaandika habari ya filimbi," nikamwambia. "Kwamba aliisikia."

"Hiyo haiihusu hospitali."

Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeachwa, naye alitakiwa kutia saini, kwa hiyo tulikwenda chumba cha kushonea. Fundi alikuwa kwenye cherehani, mguu mbaya umenyooshwa juu ya furushi la mashuka. Aliisoma karatasi, akachukua kalamu, na juu ya saini yake akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: *Nilisikia filimbi, nikakaa.*

"Nani kakwambia uandike hivyo?" Bi Mahudhurio akapandisha sauti. "Watakuita wakuhoji!"

"Na wewe nani kakwambia unibebee?"

"Mama yako nimembeba miaka minne, mstari mmoja ndio unishinde?"

Cherehani ya pili, ile ya msaidizi, ilinyamaza. Niliona uso wa Fundi ukikunjika, nikadhani sasa ndiyo imeanza upya, na mbele ya watu. Lakini aliinamia shuka lililokuwa mapajani, akalinyoosha pindo kwa kucha.

"Hali," akasema.

"Nini?"

"Mama. Hali kwangu. Siku ya tano leo anafumba mdomo, chakula kinamwagika. Namwambia mama kula, ananitazama tu." Alikuwa anaongea na lile shuka. "Wewe ulikuwa unamlishaje?"

Bi Mahudhurio alibaki amesimama, karatasi mkononi. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya wifi yake, goti kwa goti.

"Unakaa upande gani ukimlisha?"

"Kulia."

"Kulia haoni vizuri, anashtukia kijiko kimeshafika. Kaa kushoto. Kijiko kidogo, kile cha chai. Na usimwambie kula. Mwambie habari za watu, mtaa mzima, nani kagombana na nani. Akitaka kuuliza swali atafumbua mdomo mwenyewe."